Zile nyeusi usizitupe

Siku ya tano iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likirimba, mama mmoja wa kundi letu alifungua kopo la maziwa ya Nido akamwaga juu ya meza vipande vya negatifu. Alikuwa amezitenga mafungu mawili. Fungu moja zilikuwa nyeusi, nzito, hata ukiziinua kwenye dirisha huoni vizuri kilichomo. Fungu la pili zilikuwa safi, zinapitisha mwanga, zinang'aa rangi ya machungwa. Akaniuliza: "Yaya, wewe uliyefanya kazi ya foto, hizi nyeusi si zimeungua? Nataka nizitupe, nibaki na hizi nzuri."

Nilizifunika kwa mkono haraka, kama mtu anayemzuia kifaranga asikimbie.

Ninaandika kwa sababu najua makopo ya namna hiyo yamo katika nyumba nyingi, hapa Kasongo na kule Kabambare. Vita vya 1998 vilipotukimbiza porini, foto kubwa za ukutani zilibaki. Kilichoingia katika kifurushi, pamoja na chumvi na nguo za watoto, ni kile kidogo kisicho na uzito. Na tofauti ya mafungu hayo mawili mimi niliijua kwa hasara.

Mjomba wangu alikuwa fotografa hapa Kasongo miaka ya 1980. Alikuwa na aparei moja tu, Yashica, ya kuzungusha namba kwa mkono. Pelikule ya rangi ikiisha, aliituma Bukavu au Bujumbura kwa msafiri anayemwamini, na foto zilirudi baada ya mwezi, mara nyingine miezi miwili. Kwa hiyo kosa lako ulilijua wakati bibi arusi ana mimba tayari.

Mwaka 1991 alishikwa na malaria, akanituma mimi kwenda kupiga arusi Kabambare. Kanuni alikuwa amenifundisha kama katekisimu: jua kali la mchana, pelikule ya 100, mwendo 125, diafragma 16. Asubuhi nilimpiga bibi arusi ndani ya nyumba, nikafungua diafragma hadi 5,6. Tukatoka nje. Ngoma, vumbi, mashangazi wananivuta huku na huku, kila mmoja anataka apigwe yeye kwanza. Nilipiga pelikule yote. Nilipoangalia namba, bado ilikuwa 5,6.

Wamama, kila daraja moja ya diafragma ni mwanga mara mbili. Toka 16 kwenda 11, mara mbili. Toka 11 kwenda 8, mara mbili tena. Toka 8 kwenda 5,6, tena. Nilikuwa nimeimwagia pelikule ile mwanga mara nane ya ule inaotaka. Nililia ndani ya kamyo mpaka nyumbani. Mjomba, bado na homa yake, alicheka: "Mwipwa, umewapa wageni chakula kingi. Hakuna aliyelala njaa."

Foto zikarudi, na watu wote walikuwamo. Mbingu ilikuwa imepauka na maua ya shela hayakuonekana vizuri, lakini nyuso zote zilikuwa nzuri, hata ya babu aliyejificha chini ya kofia. Familia ililipa bila kunung'unika.

Mjomba alinieleza kwa kunionyesha negatifu zenyewe. Zilikuwa nyeusi, nyeusi kabisa. Kwenye negatifu mambo yamegeuzwa: palipopata mwanga mwingi panakuwa peusi, palipokosa mwanga panabaki safi. Weusi ule ni mwanga ulioandikwa. Wenye viwanda wanatandika chembe za fedha za namna mbalimbali, nyingine kubwa zinazoshtuka kwa mwanga kidogo, nyingine ndogo zinazongoja mwanga mwingi. Kubwa zikishiba, ndogo bado zina nafasi. Ndiyo maana pelikule ya negatifu ya rangi inavumilia ukizidisha daraja mbili, hata tatu. Mwenye kuchapa anaacha taa yake iwake muda mrefu zaidi, foto inatoka. Zile diapozitivu, foto za kurushwa ukutani kwa taa, hazina huruma hiyo. Ukikosea hata nusu daraja inaonekana.

Basi mimi nikashika nusu ya somo. Nikajiambia, pelikule ya rangi inasamehe. Nikaacha kuangalia namba.

Mwaka uliofuata mama yangu aliniita jioni moja. Alikuwa ametoka kusukwa, amevaa kikwembe kipya na kitambaa cheupe kichwani, amekaa barazani, jua limekwisha kuzama. Hakuwa mtu wa kuomba foto. Siku zote alikuwa akisema pesa ya foto ni pesa ya mafuta. Siku ile aliomba mwenyewe. Nilimpiga mara tatu na namba zilizokuwa zimebaki za mchana, nikacheka naye, nikaenda kupika.

Iliporudi ilikuwa karatasi ya kijivu yenye chengachenga kama udongo uliokorogwa. Kitambaa kilionekana, na meno kidogo. Uso haukuwapo. Negatifu ilikuwa safi, nzuri, inapitisha mwanga kama dirisha. Nilikuwa nimemnyima mwanga kwa daraja tano au sita, na penye mwanga pungufu hivyo hakuna kilichoandikwa. Taa ya kuchapa haiwezi kusoma karatasi tupu. Mama alifariki 1993, na hakuna foto nyingine ya uzee wake.

Miaka mitatu iliyopita nilimpa mtoto wangu negatifu ile aipeleke Bukavu, kwa watu wenye mashine za kompyuta. Walijaribu. Walipata kitambaa kile kile, na meno yale yale.

Kuna jambo ambalo Mjomba alilijua na mimi nililidharau. Sisi watu weusi ngozi yetu inarudisha mwanga kidogo kuliko kitambaa cheupe. Mwanga ukipungua, uso ndio unaopotea kwanza. Na wale wa kiwanda hawakutuwazia. Kadi ambayo Kodak iliwapa wachapaji ili wapime rangi ilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, wakaiita Shirley, na kwa miaka mingi foto za dunia nzima zilirekebishwa kwa ngozi yake. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Mjomba hakuwa amesikia habari za Shirley, lakini kila alipoweka pelikule ya 100 alizungusha namba ya aparei kwenye 50, ili uso upate daraja moja zaidi. "Pima uso," alisema, "kitambaa kitajitafutia."

Nirudi kwenye kopo la Nido. Mtoto wa mama yule ana simu yenye programu ya kugeuza rangi. Tulibandika karatasi nyeupe kwenye kioo cha dirisha, tukaweka juu yake kipande cheusi kuliko vyote, kile alichokuwa amekitenga kwa moto. Mtoto akapiga, akageuza. Akatokea mwanamume amesimama kando ya kinga yake, amevaa shati la mikono mifupi, uso wote wa buluu kwa sababu ya ile rangi ya machungwa ya negatifu. Mama alinyamaza. Kisha akasema: "Kinga hiyo ndiyo aliyonijia nayo kunioa." Hakuwa ameiona foto hiyo toka 1998.

Siku ya tano ijayo tutakuwa pale pale toka saa nane. Leteni makopo yenu. Msioshe negatifu kwa sabuni, msizifute kwa kikwembe, zishikeni pembeni tu. Zilizogandamana kwa unyevu msizibandue, tutaziangalia pamoja. Zile nyeusi tutaanza nazo. Mimi nitaleta ile yangu safi, muione ilivyo.