Kufundisha Kompyuta ya Kati kwa Leja ya Karatasi

Mwalimu wa utungaji wa programu za biashara hukabiliwa na tatizo moja kubwa. Mashine anayoizungumzia aghalabu imefungiwa katika chumba baridi cha benki au kiwanda, na mwanafunzi hana ruhusa ya kuigusa. Nimefundisha somo hili katika darasa la jioni hapa Mwananyamala kwa miaka kadhaa, na katika makala hii nakusudia kueleza njia iliyonifaa.

Kufundisha pasipo mashine si jambo geni nchini. Serikali ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ulipigwa marufuku, na masharti hayo yalilegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata.

Kompyuta ninayoifundisha ni ya daraja la kati. Mfano wake maarufu ni AS/400, iliyotangazwa na kampuni ya IBM mwezi Juni 1988. Hifadhidata imejengwa ndani ya mfumo wake wenyewe. Makarani wa zamani waliketi mbele ya vioo visivyo na uwezo wa kukokotoa, vilivyounganishwa kwa waya hadi saba katika mstari mmoja, na kazi yote ikafanyika katikati. Kizazi chake cha leo hutumia mfumo uitwao IBM i, na programu nyingi za zamani zilizoandikwa kwa lugha ya RPG zingali zinafanya kazi.

Wanafunzi huniuliza kwa nini wajifunze lugha iliyozaliwa mwaka 1959 ilhali wenzao wanatunga programu za simu. Swali hilo ni la haki, kwa maana karo yao imetoka katika biashara ndogo za wazazi wao. Mimi huwajibu kwa leja.

Naweka mezani leja moja yenye akaunti ya shilingi 50,000. Makarani wawili huketi vyumba tofauti, na wajumbe wawili huwapelekea habari kutoka kwenye leja. Wajumbe hao ndio mtandao wetu. Kila karani anaombwa kulipa shilingi 40,000. Wote wawili husoma 50,000, wote hulipa, na wote huandika salio la 10,000. Leja inaonekana safi, kumbe shilingi 80,000 zimekwisha kutoka.

Jioni moja, baada ya zoezi hilo, binti mmoja alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hivi ndivyo kikundi cha mama kilivyovunjika." Akina mama wale waliweka akiba pamoja, lakini watunza hesabu walikuwa wawili, kila mmoja na daftari lake. Siku ya kugawana, madaftari hayakulingana, na majirani wakaitana wezi, ingawa huenda hapakuwa na mwizi hata mmoja.

Tangu hapo darasa halikuhitaji kushawishiwa. Walitunga kanuni wenyewe: anayechukua ukurasa ili aubadilishe aushike peke yake, na mwingine angoje. Ndipo nilipowaeleza kwamba programu ya RPG inaposoma kumbukumbu kwa nia ya kuibadilisha, mfumo huifunga. Mwombaji wa pili hungoja, kwa kawaida sekunde 60, kisha huarifiwa kwamba ameikosa. Nikamwagiza karani mmoja ashike ukurasa na kwenda kunywa chai. Foleni iliposimama, wakafahamu kwamba programu haipaswi kufunga kumbukumbu huku ikimsubiri mtu afikiri.

Kisha mmoja akauliza, "Mjumbe akianguka njiani, fedha zimetolewa huku lakini hazijafika kule?" Hapo tukaingia katika jarida la mabadiliko: ama hatua zote mbili zitimie, ama zote zifutwe.

Walimu wenzangu, hatuna budi kutofautisha chombo na kazi. Anayetunga programu ya simu inayohamisha fedha naye hukutana na wasomaji wawili wa salio moja, na mjumbe anayeweza kupotea. Lugha atabadilisha mara nyingi maishani mwake. Wajibu wake kwa mwenye akiba, ambaye hatauona msimbo wala kujua jina la aliyeuandika, hautabadilika. Wajibu huo unaweza kufundishwa kwa leja, kalamu na vyumba viwili.