Kukalafati Gari Ukambani

Wanaoijua Mutomo wataafiki kwamba huko watu hulalamikia uhaba wa maji, wala si wingi wake. Kwa hiyo kioo cha mbele cha gari chaweza kuwa na upenyo miaka na mikaka pasi na mwenyewe kujali, kwani jua la Kitui Kusini huisitiri ila hiyo. Ndivyo lilivyokuwa gari kuukuu la mizigo la baba mdogo hadi zilipofika mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023. Usiku mmoja wa Novemba, akimpeleka jirani mja mzito katika hospitali ya misheni, maji yalipenya pembeni mwa kioo, yakashukia fyuzi, na taa zote zikazimika. Mume wa mama huyo alitangulia mbele kwa miguu akimulika njia kwa kurunzi. (Mtoto alizaliwa salama, jina lake, kama Mkamba yeyote awezavyo kubashiri, latokana na mvua.)

Nilipokwenda likizoni Desemba, nilimkuta fundi akikataa gundi ya silikoni aliyonunuliwa, ile ya kuzibia madirisha ya nyumba.

"Inuse, mwalimu. Si yanuka siki? Asidi hiyo italila bati."

Alikiondoa kioo chote. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka kwa jua. Chini yake kutu imekwisha kutafuna ukingo wa bati. Aliparua, akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke hadi kesho yake. Kisha aliuvisha mpira mpya kwenye kioo, akalaza kamba ndani ya mfuo wake na kupaka maji ya sabuni. Mimi nilikisukuma kioo kwa viganja kutoka nje, naye ndani akaivuta kamba polepole, mdomo wa mpira ukiruka ukingo wa bati kidogo kidogo.

Darasani, neno "kalafati" nililipokea kama msamiati wa mabaharia: pamba inayoshindiliwa baina ya mbao za jahazi ili maji yasiingie. Tulilihifadhi kama kifaa cha makumbusho. Ilhali kazi niliyoishuhudia, mamia ya kilomita kutoka Lamu, ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. "Kuziba" hutosha kwa tundu la sufuria. Hapa palihitajika neno linalobeba kuparua, kushindilia na kujaribu. Sioni kwa nini tubuni istilahi mpya wakati hii ipo, tena ina kitenzi chake.

Fundi nilipomweleza, alicheka, akaagiza maji ya majaribio. Wanawake waliokuwa wakipita na mitungi walisimama kushangaa gari likimwagiwa ndoo nzima. Shangazi aliweka karai chini ili maji yale yanyweshe mbuzi. Ndoo ya tatu ilipomwagwa, tone moja lilichungulia kwenye pembe ya kushoto. Fundi aliinua mdomo wa mpira pale, akaukalisha upya, akataka ndoo nyingine. Maji yalikuwa yamekwisha. Baba mdogo alikwenda kununua.