Alizeti ya Shangazi

Nilianza na maandazi, kama wanawake wengi wa Mwankoko wanaotafuta hela ya sabuni na daftari za watoto. Keki zilikuja baadaye, na za mwanzo niliziokea kwenye sufuria: mchanga chini, chombo cha keki juu ya mchanga, mfuniko, kisha makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko ya chini. Siku hizi nina oveni ya gesi, lakini binti anayekuja kujifunza kwangu huanza na mkaa. Mkaa unamlazimisha kunusa keki na kujua imefikia wapi bila kutazama saa.

Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo lina uzito jikoni. Huku juu keki huumuka upesi, kisha hudidimia katikati, kwa hiyo kipimo cha bekingi pauda kinachofaa Dar es Salaam hapa hupunguzwa. Upepo wetu nao huleta vumbi. Keki iliyokwisha kupambwa haiachwi wazi.

Oda zangu zilikuwa za harusi, kipaimara na mahafali. Wazee walikuja kwenye sherehe hizo wakakaa viti vya mbele, wakalishwa kipande, wakarudi nyumbani. Mzee tunamsifu siku ya mazishi, wasifu wake ukisomwa mbele ya watu na yeye hasikii. Jambo hilo limeniuma kwa muda mrefu. Ndiyo maana nilitaka shangazi yangu, dada wa baba aliyenilea, apate keki yake akiwa na macho ya kuiona.

Tarehe aliyozaliwa haijui. Tukachagua Juni, alizeti ikiwa imeshavunwa na baridi imeingia, hali ya hewa inayofaa aisingi maana haiyeyuki mezani.

Kuhusu pambo, ndugu zangu wote walisema alizeti, na wote waliwaza lilelile: ua la njano lililosimama wima. Nilikataa. Hilo ni ua la kupigia picha. Shangazi amelima alizeti maisha yake yote na ua hilo halijawahi kumpa kitu. Anachokingoja ni kichwa kilichoinama kwa uzito, petali zimekauka na kupukutika, mgongo wake umetoka kijani ukawa njano, kisha ukaanza kuwa kahawia. Hapo ndipo mbegu zimejaa, na hapo ndipo palipolipa ada yangu ya shule. Nikaamua kumtengenezea kichwa kilichokomaa, kimelazwa juu ya ungo.

Nilichukua kichwa kikavu kutoka kwake nikakiweka mezani. Mbegu za alizeti zimejipanga kwa mistari inayopinda kutoka katikati, mingine kulia, mingine kushoto, ikikatana. Nilihesabu nikitumia vijiti vya meno: 34 upande mmoja, 55 upande wa pili. Ndivyo vichwa vingi vilivyo. Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza anayehesabiwa kati ya waasisi wa kompyuta, alikuwa akichunguza mpangilio huu kabla ya kufariki mwaka 1954. Mimi nilihitaji tu kuuhamishia kwenye keki. Nilichora mistari hiyo kwa kijiti juu ya aisingi, na kila ilipokatana nikaweka mbegu moja ya aisingi yenye kakao, nyembamba katikati, nene ukingoni. Kazi hiyo ikachukua usiku mzima, lakini sikukubali kuweka mbegu ovyo kwenye keki ya mtu anayezijua mbegu.

Ndani pia nilitaka awemo. Majarini nyingi za kuokea zina mafuta kama asilimia 80, kwa hiyo penye gramu 250 za majarini nilitia gramu 200 za mafuta yake ya alizeti. Mafuta hayashiki hewa kama majarini inavyoshika ikipigwa na sukari, hivyo kazi ya kuinua keki huwa ya mayai: yapigwe na sukari mpaka yageuke meupe na mazito. Mayai yalikuwa ya kuku wake wa kienyeji, wanaolishwa mashudu ya alizeti hiyohiyo. Ni madogo, unaweka manne penye matatu ya kisasa, na kiini chake kinaipa keki rangi ambayo sijaipata kwa rangi ya dukani.

Siku ilipofika tulimsogezea meza. Hakuniuliza kama ni keki. Alipitisha kidole juu ya mbegu bila kuzigusa, akainama kutazama ukingo nilioupaka kahawia.

“Hili limekomaa, mwanangu,” alisema. “Mngechelewa, ndege wangelimaliza.”

Kipande cha kwanza alimlisha jirani waliyepeana naye zamu za kupalilia miaka mingi, watoto wake wa kuwazaa wakasubiri.

Tangu siku hiyo watu huniletea oda za wazazi wao walio hai, na swali langu la kwanza ni kazi ya mzee, rangi anayoipenda hufuata. Sasa hivi nina oda ya baba aliyelima vitunguu. Binti yake anataka majani ya kijani yaliyosimama. Nimemwambia kitunguu kilichokomaa majani yake huanguka shingoni, na nimemwomba aniletee kimoja kutoka shambani kwa mzee kabla sijachanganya rangi.