Behewa la Kima

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, mna behewa la mbao ambalo mgeni aweza kulipita asilitazame mara mbili. Halina fahari yoyote. Lakini ndani yake, usiku mmoja wa Juni 1900, simba aliingia akamwua Bwana Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli.

Siku zile reli itokayo Mombasa ilikuwa haijafika bado Ziwa Nyanza, na katika stesheni ya Kima, Ukambani, simba mla watu alikuwa akiwatisha wafanyakazi. Behewa liliwekwa kwenye njia ya pembeni. Ryall alishika zamu, na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakalala. Yaelekea usingizi ulimshinda naye. Yasimuliwa kwamba simba alipopanda, behewa liliinama kwa uzito wake, na mlango wa kusukuma kando ukateleza ukajifunga. Mwindaji na wawindwa wakawa chumba kimoja! Simba akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamkamata Ryall, akatoka naye dirishani.

Mabehewa mengi ya umri huo yalikwisha kuvunjwa. Kulitunza hili si kazi nyepesi: mbao hupasuka kwa jua, huoza kwa mvua, na mchwa hawajali historia. Fundi akibadili kila ubao uliochakaa, litabaki behewa zuri, ila silo lile la Kima. Asipobadili hata mmoja, litaanguka. Afadhali rangi na viraka, na dirisha lile liachwe kama lilivyo.

Ryall mwenyewe amezikwa Nairobi hiyo hiyo.