Failaka: Kisiwa Chenye Magofu ya Zama Mbili

Failaka ni kisiwa tambarare, kilomita 20 hivi kutoka Jiji la Kuwait. Siku niliyokwenda ilivuma shamal, ule upepo wa kaskazini, na vumbi lilitupokea gatini kabla ya mtu yeyote. Abiria wengi walikuwa familia zilizobeba majiko ya mkaa na mabirika, wamekuja kupunga hewa. Mimi nilifuata Ikaros, makazi ya Wagiriki yaliyofukiwa na mchanga kwa karne nyingi.

Aleksanda Mkuu alipofariki mwaka 323 KK, majemadari wake waligombania urithi. Seleuko akajitwalia fungu kubwa la Asia, kutoka Shamu hadi mipaka ya Bara Hindi, na yeye na waliomfuata, Waseleuko, wakajenga miji na ngome kila pembe ya himaya hiyo. Failaka iko karibu na mahali Frati na Tigri zinapomwaga maji baharini, kwa hiyo aliyekishika kisiwa aliona kila chombo kinachoingia na kutoka. Wagiriki walikiita Ikaros.

Ngome waliyoijenga hapo ni mraba wa takriban mita 60 kila upande, yenye minara pembeni. Wanaakiolojia wa Denmark walianza kuifukua mwaka 1958. Leo ni kuta fupi za mawe, na ndani yake alama za vyumba na vichochoro vyembamba. Nilisimama kwenye msingi wa hekalu dogo. Nguzo zake mbili za mbele zilikuwa na vichwa vilivyochongwa mizunguko ya Kigiriki, lakini vitako vyake vilikuwa vya mtindo wa majumba ya wafalme wa Uajemi. Fundi aliyepewa kazi ile hakuona sababu ya kuchagua upande mmoja.

Kitu chenye thamani kuliko vyote hakiko tena hapo. Ni bamba la jiwe lililokutwa karibu na hekalu na sasa limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kuwait. Limechongwa barua ya Kigiriki: ofisa aitwaye Ikadion anamwandikia Anaxarchos, naye Anaxarchos anawapelekea wakazi wa Ikaros. Humo mna habari za kuhamisha hekalu, kuandaa mashindano ya michezo, kuwapa watu mashamba na kuwasamehe kodi. Kwa ufupi, serikali inabembeleza watu wakae kisiwani. Lakini Waparthi wa Uajemi walipowanyang'anya Waseleuko Mesopotamia katika karne ya 2 KK, mkono uliokuwa ukiilea ngome ile ulikatika, na makazi hayakudumu.

Ukitoka ngomeni kwa miguu unaingia Zor, kijiji cha Wakuwait kilichobaki magofu. Hakuna anayekuuliza uendako. Jengo la benki limetobolewa risasi kutoka juu hadi chini. Darasani ubao ungali ukutani. Wakazi waliondolewa wakati jeshi la Iraki lilipovamia mwaka 1990. Vita vilipokwisha mwaka 1991 mabomu ya ardhini yalikuwa yametegwa kisiwani. Serikali ya Kuwait ikawalipa wakazi fidia, wakahamia bara.

Katika nyumba moja kongwe dari lilikuwa limeporomoka nusu, na juu yangu zilibaki boriti nyembamba za mikoko, nyeusi kwa umri. Majahazi ya Kuwait yalikuwa yakizifuata Rufiji na Lamu hadi katikati ya karne iliyopita, kwa sababu Ghuba haina miti ya kujengea. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuambiwa mikoko ikoje.

Watu hupenda kusema kwamba miji ya kale ilipotea, kana kwamba ilizama yenyewe. Failaka inasema vingine. Ikaros iliishi kwa amri kutoka bara na ikafa amri hizo zilipokoma. Zor iliondolewa watu kwa mtutu wa bunduki, na fidia ikakamilisha kazi. Udongo wa kisiwa haukubadilika. Ndiyo maana naona ni kosa kuizungushia uzio ngome ya Waseleuko huku Zor ikiachwa iwe uwanja wa kupigia picha. Ile benki na lile darasa vipimwe, vichorwe na viandikiwe historia sasa, wakati waliozaliwa humo wangali hai na wanaweza kuonyesha nani aliishi wapi. Wakazi wa Ikaros hatuna tena wa kuwauliza.