Vitufe vinne, vyote hadi mwisho

Leo naacha habari za kompyuta kidogo nizungumzie muziki ninaousikiliza usiku nikiandika programu: dethi metali.

Desemba 1989, vijana wa Stockholm, Uswidi, waliingia studio ya Sunlight, kwa mtayarishaji Tomas Skogsberg, kurekodi Left Hand Path, albamu ya kwanza ya Entombed. Nicke Andersson, mpiga ngoma, alikuwa na miaka 17 tu. Gita lilipitishwa kwenye Boss HM-2, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachokwaruza mlio. Kina vitufe vinne vya kuzungusha. Wao walivizungusha vyote hadi mwisho! Ukatoka mlio kama msumeno wa injini ukila mti.

Albamu ilitoka 1990 kupitia Earache ya Uingereza, na bendi nyingi zikauiga mlio huo. Boss, kwa upande wao, waliacha kuitengeneza HM-2 mwaka 1991. Wapenzi wakawa wakisaka za mitumba miaka mingi, mpaka Boss wenyewe wakarudi na HM-2W mwaka 2021.

Kwangu mapokezi ni tofauti. Mama watoto husema hiyo ni mashine ya posho iliyoishiwa mahindi.

Kwa nini nayaandika haya? Kazini wanataka nifunge mipangilio ambayo "hakuna mtu mwenye akili ataitumia". Jumatatu tuna mkutano, na nitapinga. Aliyeunda chombo hajui kazi zake zote. Nyingine huzigundua mtumiaji.

Nanyi mwaonaje?