Kaboni Niliyoipaka Mwenyewe

Nilimwita mzee mmoja, muuza mabomba, tapeli mbele ya wateja wake, na mabomba yake yalikuwa halali. Kosa lilikuwa langu, na nimelinyamazia muda mrefu mno.

Kazi yangu ni kukagua vyuma kabla havijachomelewa. Chombo ninachotumia hushikwa mkononi kama drili. Unakigusisha kwenye chuma, unabonyeza, leza inapiga mipigo mifupi mno, na chembe ya chuma inageuka plazima yenye joto la nyuzi zaidi ya 10,000. Plazima hiyo inapopoa, kila elementi iliyomo hutoa mwanga wake, na chombo hutambua kromiamu ni kiasi gani, nikeli kiasi gani. Kaboni ni ngumu zaidi. Mwanga wake wa nanomita 193 hufifishwa na hewa, kwa hiyo chombo hupuliza argoni. Hata hivyo, sekunde chache tu jibu liko kwenye kioo.

Mabomba yalikuwa ya chuma cha pua aina ya 316L, ya kupitishia maziwa. Aina hiyo kaboni yake haitakiwi kuzidi asilimia 0.03, wakati 316 ya kawaida inaruhusiwa hadi 0.08. Bomba lenye kaboni nyingi likichomelewa, kaboni huikamata kromiamu kandokando ya kiungo, na kromiamu ndiyo inayokinga chuma kisishike kutu.

Chombo kilisoma 0.06. Mzee akatoa cheti cha kiwandani kilichoandikwa 0.02. “Mwanangu, hebu pima tena,” aliniambia kwa upole. Nikamjibu kwamba cheti mtu yeyote anaweza kukichapisha. Mzigo wote ukarudishwa, na mimi mwenyewe nikawatahadharisha wanunuzi wengine.

Kabla ya kupima, uso wa chuma husagwa kwa grenda kuondoa uchafu, na diski inayofaa ni ya zirkonia ambayo haijagusa chuma kingine. Zangu zilikuwa zimeisha. Nikaazima kwa waashi diski yao ya kusagia zege, iliyotengenezwa kwa silikoni kabaidi, yaani silikoni na kaboni. Punje zake zikajikita kwenye bomba, na leza, ambayo haisomi zaidi ya ngozi ya juu, ikazihesabu kuwa ni chuma chenyewe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ishara zilikuwepo. Silikoni nayo ilikuwa imepanda kwenye kioo. Sikuijali, kwa kuwa nilikuwa natafuta kaboni tu. Nilipopiga tena palepale, namba ilishuka, na nilipopiga tena ikazidi kushuka. Leza ilikuwa inauondoa uchafu wangu tabaka kwa tabaka. Nikaandika namba ya kwanza, iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Na jambo hili nilikuwa nalijua. Roboti Curiosity, iliyotua Mars Agosti 2012, ina kifaa cha namna hiyohiyo, ChemCam, kinachopiga mwamba ulio umbali wa hadi mita 7. Wanasayansi wake hupiga nukta moja mara nyingi, kwa kawaida 30, na mipigo ya mwanzo huiweka kando kwa sababu inasoma vumbi. Habari hiyo nilipenda kuwasimulia vijana wa karakana.

Baadaye vipande vya mabomba yale vilipelekwa maabara, vikachomwa ndani ya oksijeni, na kaboni ikapimwa kwa gesi iliyotoka. Jibu lilikuwa 0.02. Nilisahihisha ripoti kimyakimya. Kwa mzee sikwenda. Nilimtumia barua fupi ya ofisi kwamba matokeo yamerekebishwa, bila kuomba radhi, bila kuitaja diski.

Sasa naandika wazi: cheti chake kilikuwa cha kweli, na aliyekichafua kipimo ni mimi. Shikamoo mzee wangu. Naomba unisamehe, ingawa najua biashara uliyoipoteza siwezi kuirudisha. Nakala ya majibu ya maabara, pamoja na maelezo ya diski ile, nimempelekea kila mnunuzi niliyemwambia asinunue kwako.